Chavua za Bonde la Nyakitonto

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliposimama mbele ya kijiji kizima nikiwa sielewi nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka chuoni na bomba refu la kuchotea tope, nikiamini kwamba sayansi ingemtendea haki mzee Bukuru. Majirani walidai kwamba familia yake ilikuja juzi tu kutoka Burundi, hivyo bonde analolima kando ya ziwa letu dogo lirudishwe kijijini. Yeye alishikilia kwamba babu yake alilima mahindi pale kabla mikaratusi haijaletwa kwetu. Kijiji kikaniomba nichunguze.

Niwie radhi nieleze kidogo. Maua humwaga chavua, ule unga wa njano. Upepo huuangusha ziwani, ukazama, ukafunikwa na tope jipya. Tope la chini ni la zamani kuliko la juu. Basi chavua ya mahindi ikionekana chini ya pale mikaratusi inapoanzia, mahindi yalitangulia.

Nilichota tope ukingoni. Kwenye hadubini nikaona chavua ya mikaratusi juu, katikati, hata chini kabisa. Nikarudia, ikawa vilevile. Je, mzee alikuwa akidanganya? Au nilisoma vibaya? Nilirudi ukingoni, nikawakuta wanawake wakifukua mashimo topeni ili wavundike mihogo ilainike, kama tulivyofanya na mama miaka yote. Tope la juu lilitupwa chini, la chini likaja juu.

Mkutanoni nikasema kwamba tope lile haliwezi kutuambia kitu.

"Dada, chuo chote hicho, urudi kutuambia hujui?" jirani mmoja akasema. "Hata mbuzi wangu hajui, na hajalipiwa ada."

Watu wakacheka. Mzee Bukuru akaninong'oneza: "Ungesema tu ndiyo, mwanangu. Nani angekupinga?"

"Na akija mwingine kesho na bomba lake, mzee? Niazime mtumbwi niende katikati, ambako hakuna anayevundika."

Huko tope lilikuwa limetulia. Chavua ya mahindi ilikuwepo, chini kabisa ya pale mikaratusi inapoanzia. Nilipoeleza hayo mkutanoni, mzee akatabasamu, nami nikalazimika kuongeza mbele ya wote kwamba chavua inaonyesha mahindi yalilimwa, haionyeshi yalilimwa na nani. Tabasamu likamtoka. Nilitaka ardhi inimeze.

Mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Kama hatujui ni ya nani," akasema, "basi hatuna sababu ya kumwondoa anayelilima."

Mpaka leo sijui babu yake alilima pale au la. Lakini nakuusia hivi, mwanangu: sema unachokijua, na kinapokoma, nyamaza, hata kama unayempenda anakusihi uendelee. Kuchanganyikiwa hakuna aibu. Aibu ni kuamua shamba la mtu ukiwa umechanganyikiwa, huku ukijifanya una hakika.

Mungu akujalie ulimi usiotangulia macho yako, na akupe ardhi ambayo hakuna atakayekuuliza ulitoka wapi.