Kiganja Ukutani Bweranyange

Mama Salvina alikuwa na ombi moja tu kwa mke wa mwanawe, maana magoti yake yalikwisha kukataa safari.

"Kampire mwanangu, nenda kanisa la zamani pale Bweranyange. Baba yangu ndiye aliyefyatua tofali zake. Moja alilibonyeza kiganja likiwa bichi. Liko upande wa migomba, usawa wa kifua. Nasikia wanapiga lipu. Kanigusie kabla hawajalifunika."

Kampire ni Mlutheri, na kanisa lile la Wakatoliki hakuwahi kulikanyaga. Njia nzima kutoka kwao Kamuli, juu ya bodaboda, mwanawe mchanga Kemigisha akisinzia mgongoni, aliomba asikosee adabu za watu. Mlangoni akavua ndala. Ndani kimya. Akaona kuingia hivihivi si vizuri.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti ikatoka juu kabisa, kwenye dari.

Magoti ya Kampire yakashuka yenyewe. "Shikamoo!"

"Marahaba. Inuka binti, ni mimi Nolasco, fundi, niko kwenye ngazi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akilipigia kanisa hodi. Nikaona haya, nikaitikia."

Wakacheka. Kampire akampa kahawa ya kutafuna, aliyofungiwa na mama mkwe kwenye jani la mgomba. Mzee akatia punje mdomoni, akasikiliza shida yake, kisha akaacha kutafuna.

"Lenye kiganja? Lo! Ukuta ule nimeumaliza asubuhi hii."

Akampeleka nje, akamwonyesha. "Lilikuwa hapa." Ukuta ulikuwa mbichi, laini kama uji uliopoa. Kampire akawaza atamwambia nini mama. Machozi yakamlenga, akageuka akaupa ukuta mgongo, mzee asimwone.

Pya!

Kemigisha alikuwa ameamka. Vidole vitano vidogo vilikuwa vimezama kwenye lipu.

"Yesu wangu! Nisamehe, mzee! Sawazisha upesi, padri asione!"

Nolasco akainua mwiko. Akautazama ukuta, akamtazama mtoto aliyekuwa anajichekea.

"Huyu nani wake yule mfyatua tofali?"

"Ni kitukuu wake."

"Kumbe! Ukoo wenu wote mna mkono mrefu." Akaushusha mwiko. "Padri niachie mimi. Nitamwambia mgeni aliyebisha hodi ameacha sahihi. Mnawishe haraka, saruji inaunguza ngozi."

Alasiri walipofika nyumbani, mama Salvina alikuwa amekaa mlangoni tangu mchana.

"Umeligusa?"

Kampire akamfungua mtoto mgongoni. Akamkalisha Kemigisha mapajani mwa bibi yake, akamwekea kiganja cha mtoto mkononi. Chini ya kucha bado kulikuwa na saruji. Halafu akasimulia yote, hata lile la hodi.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, huku machozi yakimtoka. Akakishika kile kimkono, akakinusa.

"Usikioshe tena leo," akasema.