Jiwe la Kutafutia Jua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulitia motoni jiwe ambalo niliambiwa nilishike tu. Naanza na hilo, kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta namna ya kulipamba. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, karibu na Gulwe, wakati Mdachi akitandika reli. Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningependa yasiwe kweli.

Nilikuwa nikimbebea mawe bwana mmoja wa Kijerumani aliyetafuta kokoto za kufaa chini ya reli. Kusoma nilijifunza peke yangu, kwenye maandishi ya masanduku yake. Kupima mawe nako nilijifunza kwa kumtazama: likwaruze kwenye chupa, liangalie kwenye mwanga, kisha lichome. Nilikuwa mwoga wa kukosea. Jiwe lisilopita vipimo vyote lilininyima usingizi. Mzee Juma, mpishi wa kambi, alizoea kunitania: "Mwalimu wa mawe, ugali wangu umeshaukwaruza? Maana leo umekaza kweli."

Siku ile mawingu yalitanda tangu asubuhi, hata usijue jua liko upande gani. Nilikuwa kando ya mto mkavu, nyuma ya jiko la Mzee Juma, pale watu wanapochimba mchanga wapate maji. Akaja bibi mmoja na kibuyu. Macho yake yalikuwa na rangi nisiyoizoea. Nikadhani ni uzee, nikayapuuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbukwa, mjukuu wangu," akanisalimu kwa Kigogo. "Nishikie hili nishuke."

Huku kwetu mtu hashuki kwenye kisima cha mchangani na kitu chake cha thamani, maana kingo huporomoka. Humkabidhi yeyote aliye juu, hata asiyemjua, na huyo hukaa palepale mpaka mwenyewe apande. Hata mtoto anajua.

Lilikuwa jiwe bapa, si kubwa kuliko ukucha wa dole gumba. "Ndilo ninalotafutia jua," akasema. "Bila hilo sifiki kwangu. Lishike tu, baba."

Akashuka. Nikaligeuza. Upande mmoja lilikuwa la buluu iliyoingia zambarau, kama wingu la mvua jioni. Nikaligeuza kidogo, likawa kama maji. Tena kidogo, likawa rangi ya asali. Nikaliinua machoni na kulizungusha nikiitazama anga: likakolea, likafifia, likakolea. Na mara nikajua jua liko wapi nyuma ya mawingu yale, kama mtu aliyeonyeshwa kwa kidole.

Wewe ungefanya nini? Ungekaa pale, ukalishika. Mimi nililikwaruza kwenye chupa, likaacha mstari. Kisha nikawaza, kimebaki kipimo kimoja. Nikaondoka kisimani.

"Mzee, niazime makaa yako kidogo."

"Sasa unapika kokoto?" Mzee Juma akacheka. "Usisahau chumvi!"

Lilipopata moto sana nikaogopa kwamba bibi atapanda asinikute, nikalitupa kwenye maji lipoe upesi. Likalia, ta! Nilipolitoa lilikuwa jeupe, nyufa tupu, kama jicho la mbuzi aliyechemshwa.

Nikarudi mbio. Bibi alikuwa amekwisha kupanda, amesimama na kibuyu chake. Amini nikuambialo: macho yake yote mawili yalikuwa yamegeuka meupe vilevile.

Nikamtilia jiwe mkononi. Akalipapasa. "Lina nini?"

"Lilikuwa hivihivi, bibi."

Aibu yangu yote iko hapo. Moto ulikuwa ujinga, lakini neno lile nililisema nikiwa na akili zangu timamu.

Hakunikaripia. Alinyoosha mkono. "Basi nishike, mjukuu wangu, unielekeze. Jua liko wapi?"

Nilijua. Nilikuwa nimetoka kuliona muda huohuo. Lakini niliogopa kuugusa mkono ule, niliogopa pia bwana wangu asinikute kazini. Nikasema, "Sijui."

Akaondoka akipapasa hewa, akaelekea katikati ya mto. Mchanga ulikuwa mbichi, lakini nyuma yake haukubaki unyayo hata mmoja. Nilimtazama mpaka akatoweka mahali pasipo na kichaka wala kona. Mzee Juma alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake na mwiko mkononi. Aliona yote. Tangu siku ile hakunitania tena, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo nakuomba, ukikabidhiwa kitu cha mtu, kishike. Si lazima ukijue chote. Na ukiulizwa njia nawe unaijua, iseme.

Reli imekwisha kupita Gulwe, nami bado nabeba mawe. Jua likiwaka niko kama watu wengine. Mawingu yakitanda sijui mashariki wala magharibi, hata nikiwa uani kwangu, na sauti ya yule bibi huniuliza jua liko wapi. Siku hizo mimi ndiye ninayenyoosha mkono na kungoja mtu anishike.