Nilivyofunga spika ya kati ili mama mkwe asirudi Namanyere

Wakuu, salamu kutoka Izia, Sumbawanga.

Shule yangu iliishia la saba, nikikosea kitaalamu mnirekebishe. Ila ninayosimulia yametokea kwangu, sijatia chumvi.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Mama yake bado anakuja kutoka Namanyere kunisalimia, nami nafurahi sana akiwepo. Anapenda muvi za Kibongo, ila masikio yamechoka. Marehemu alikuwa anakaa pembeni yake, anamrudia maneno sikioni.

Sasa mimi ni mkwe. Siwezi kwenda kumnong'oneza mama mkwe sikioni. Wenye wakwe mnanielewa.

Safari hii alikaa siku mbili tu, akaaga. Nikamuuliza kuna nini.

"Baba, muziki nausikia. Watu siwasikii."

Nikamwomba avumilie hadi Jumamosi.

Home theater yangu ilikuwa na receiver, spika mbili za mbele na sabufa. Fundi wa mjini akaniambia maneno mengi ya muvi yanatoka kwenye spika ya kati, center, ambayo sikuwa nayo. Nikapata used. Nikaiweka kwenye kabati chini ya TV, nikaingia kwenye menu ya receiver, nikawasha center.

Ikatoka sauti ya mtu aliyejifunika blanketi.

Nikabadili waya, nikapandisha volume. Wapi. Mama ananitazama tu, begi liko mlangoni.

Kumbe kabati lile lina kitambaa kizito alichofuma marehemu, kinaning'inia hadi chini. Tangu aondoke sijakigusa. Spika nimeisukuma nyuma yake, na wala sikuwaza.

Mama akanyanyuka, akakishika.

"Mwanangu alifuma hiki kipambe. Hakukifuma kizibe watu midomo."

Akakitoa, akakikunja taratibu, akakitandika kwenye kiti cha pembeni yake, kile cha marehemu.

Wakuu, maneno yakatoka kama watu wako sebuleni. Mama akacheka kabla yangu. Halafu akaanza kunirudia maneno mimi: "Umesikia alivyomjibu?" Nilikuwa nimesikia. Nikasema hapana mama, amesemaje?

Hii ni wiki ya tatu. Begi lilirudi chumbani.

Nilichojifunza: mbele ya center pawe wazi, hata kama kilichoziba unakipenda.

Wazoefu, niiinue kidogo ielekee masikioni, au niiache hapo hapo? Nasoma komenti zote, ila nitajibu muvi ikiisha.