Mtaa Tuliouhamia kwa Ajili ya Shule

Mwezi uliopita dalali alitutembeza mimi na mume wangu katika nyumba ya kupanga kule Silicon Oasis. Tumbo langu lilikuwa limeshanitangulia, na mume wangu alikuwa na furaha ya mtu anayemnunulia mtoto viatu kabla hajazaliwa. Dalali akavuta pazia la jikoni, akatuonyesha paa jeupe ng'ambo ya bustani, akasema shule ndiyo ile, na siku hizi watoto wanaokaa mtaa huu huchukuliwa kwanza. Mume wangu akanigeukia akitabasamu. Mimi nikaomba kiti. Wote wawili wakakimbilia maji wakidhani ni mimba, nami nikawaacha wadhani hivyo, kwa sababu kuna mambo humwelezi dalali.

Nakueleza wewe.

Utoto wangu ulikuwa Naif, mtaa wa Deira hapo hapo Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, katika nyumba ambayo kila chumba kilikuwa na watu wake na jiko lilikuwa la wote. Baba alikuwa akifunga mizigo ya wafanyabiashara waliotoka Dar, Tanga na Mombasa kununua nguo na vyombo. Watu wengine wakikumbuka utoto husikia jogoo. Mimi nasikia mkanda wa gundi ukivutwa kuzunguka furushi, kwaaa, halafu kimya, halafu kwaaa tena, kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Maandazi ya mama yalinukia iliki, na iliki ile ilipigana na harufu ya viatu vipya vya mpira iliyopanda kutoka ghala la chini. Nilidhani dunia nzima inanukia hivyo.

Tulikuwa wawili, mimi na Dada. Dada alikuwa binti wa marehemu dada yake mama. Aliachwa mchanga, mama akambeba mgongoni huko Tanga, na alipomfuata baba Dubai akaja naye pamoja nami. Baba alimsumbua kafeel wake, mwenyeji aliyemdhamini kukaa nchini, mpaka karatasi za Dada zikapatikana. Alimwita mama "Mama", na nilikuwa nimeshaota meno ya pili kabla sijaambiwa kwamba hatukutoka tumbo moja. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilidhani wananitania.

Alinizidi miaka miwili, na miaka hiyo aliitumia kunitawala. Alinisuka kwa mafuta ya nazi, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake, na nikipiga kelele alinigonga na kitana. "Tulia, au utatoka nje nusu kichwa." Ndiye aliyetumwa mikate kwa Mpathani aliyeuzia kwenye dirisha la tanuri, nami nikimfuata nyuma. Tulirudi na mikate ya moto kwenye gazeti, na kwenye ngazi tulimega mmoja tukaula kwa haraka tukiunguza ndimi. Mama alijua. "Mikate ya yule Mpathani siku hizi inapungua njiani," alikuwa akisema, bila kutuangalia.

Shule za serikali za kule hazikuwa zetu, hilo kila mgeni alilijua. Sisi tulisoma shule ya kulipia ya bei ya chini hapo hapo Deira, tumebanana madawati, na tulijifunza vizuri tu. Lakini mama alipata ugonjwa wa shule, na aliyemwambukiza alikuwa jirani yetu wa chumba cha pili, mlinzi wa Kiganda aliyelinda lango la jengo moja Silicon Oasis. Siku yake ya mapumziko alikaa jikoni akimsimulia mama habari za shule ya huko huku akila maandazi yetu.

"Kule watoto wanaongea Kizungu kama wamezaliwa nacho, mama. Basi inakuja mpaka kwa gate. Lakini lazima ukae pale pale. Ukivuka ile barabara kubwa, hawakutaki."

Mama aliweka mwiko chini. Toka siku hiyo hakusema tena habari nyingine. Barabara ile kubwa, ambayo hakuwa ameiona, ilikuwa ndiyo mpaka kati ya watu na wasio watu. Baba alimwambia kazi yake iko Naif, watu wake wako Naif, huko jangwani watakula mchanga? "Wewe kaa na mafurushi yako," mama akamjibu. "Wanangu mimi hawatafungwa mkanda." Nyumbani kwetu mama akisema hivyo mjadala umekwisha. Nyumba ikatafutwa, ikalipiwa, ndogo kuliko kile chumba chetu kwa kweli, lakini ilikuwa upande unaotakiwa wa barabara.

Kilichobaki kilikuwa usaili. Mama alitufundisha kwa juma zima, kama anavyofundisha mzazi yeyote wa kwetu aliyelelewa akaleleka. Mbele ya mkubwa unainamisha macho. Humkatizi. Unangoja amalize, kisha unajibu kwa sauti ndogo. "Adabu si adhabu," alisema, "faida yake mtaiona." Dada alisikiliza. Mimi sikusikiliza, kwa sababu sikuwa na tabia ya kusikiliza kitu.

Mwalimu aliyetusaili alikuwa Mzungu mwenye nywele nyekundu, mpole wa sauti. Alitukalisha pamoja, mama pembeni. Akamwuliza Dada anapenda kusoma vitabu gani. Dada, mikono mapajani na macho sakafuni, akangoja ahakikishe mwalimu amemaliza. Mwalimu akaona kimya, akauliza tena kwa maneno mengine. Sasa mkubwa alikuwa anaongea, basi Dada akangoja tena. Wakangojana hivyo, kila mmoja kwa heshima zake, na jasho likaanza kumtoka mama juu ya mdomo. Kiingereza cha Dada kilikuwa kizuri kuliko changu. Changu alinifundisha yeye. Ila mimi nilichoka kungoja, nikadakia, nikaanza kumsimulia mwalimu habari za paka wa Naif na katuni zote nilizoziona, nikapiga magoti juu ya kiti, nikamwuliza kama nywele zake zimepakwa hina. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Jibu lilitolewa pale pale. Mdogo ana nafasi. Mkubwa ana tatizo la kuwasiliana, hamtazami mtu usoni, anahitaji msaada ambao shule haina. Dada aliyasikia yote, amesimama ubavuni mwa mama. Na mama, aliyemtia adabu ile neno kwa neno, alikuwa na nafasi ya kusema, "Nimemfundisha mimi, mwache aanze upya." Hakusema. Aliinamisha macho, kwa sauti ndogo akajibu, "Yes, madam." Mwalimu naye alikuwa mkubwa.

Mpaka leo najiuliza mama angepungukiwa nini kwa sentensi moja. Na huwa napata hasira nikijiuliza.

Baba alisema khalas, yamekwisha, turudi Naif, shule ya zamani haijatufukuza. Mama alisema nyumba imeshalipiwa na mtoto hawezi kupoteza nafasi. Alisema "mtoto", mmoja. Shule nyingine za upande ule zilikuwa juu ya uwezo wetu, na Deira ilikuwa mbali mno kumpeleka Dada kila asubuhi. Basi mama akatafuta njia nyepesi, na Naif haikosi njia nyepesi. Unajua desturi yetu: msafiri wa kwetu haondoki mikono mitupu, kila mtu ana kifurushi chake cha kumwomba ambebee. Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, mfanyabiashara wa madera, mteja wa baba, aliyekuwa akirudi wiki ile. Alikuwa amekaa juu ya furushi lake akinywa chai ya karak, mama akamwambia, "Naomba unibebee na mtoto."

"Huyu?" akasema yule mama, akamtazama Dada juu mpaka chini. "Huyu hana kilo nyingi."

Wakacheka wote, na Dada akacheka nao. Alikuwa ameambiwa anakwenda likizo kwa bibi.

Alifunga begi la likizo, nguo mbili tatu na kandambili. Gauni lake la Idi aliliacha limetundikwa, akanionya nisilivae. Uwanja wa ndege alimshika mama mkono akamwambia, "Usisahau sare yangu, Mama. Nikirudi nitafanya tena ule mtihani. Safari hii nitaongea." Mama akamnyoosha mtandio, akasema inshallah. Mimi nililia sana, lakini nilikuwa nalilia likizo.

Silicon Oasis kulikuwa kimya. Hakuna aliyegonga mlango kuomba chumvi, hakuna mkanda wa gundi, na maandazi ya mama, akiyapika, tuliyala wenyewe mpaka yakalala. Tulipanga katika lile jengo alilolinda mlinzi wetu wa Kiganda. Siku ya kwanza alisimama kwenye lango akamwambia mama, "Good morning, madam." Nilingoja mama amwambie aache utani. Alimwitikia kwa kichwa, akapita. Maandazi hakuwahi kumpa tena.

Nami nilisoma. Nilifundishwa kumtazama mkubwa machoni na kumkatiza kwa ustadi. Kila Ijumaa Dada alipiga simu kuuliza likizo inakwisha lini, na kila Ijumaa mama alimwambia asome hapo kwanza. Sijui ni nani aliyemwambia ukweli huko Tanga, au kama aliujua mwenyewe. Ijumaa moja mama aliweka simu kwenye spika, na sauti ya Dada ikasema, taratibu na kwa heshima yote, "Shikamoo, mama mdogo."

Mama aliitazama simu kama imemuuma. Hakuwa na la kumkemea. Ndivyo aitwavyo mdogo wake mama, na mtoto mwenye adabu humwita hivyo. Akaitikia, "Marahaba."

Mwaka uliofuata shule ilikosa watoto wa kuijaza, ikaufuta ule mpaka wake. Mlinzi ndiye aliyeleta habari, amesimama wima langoni: basi sasa linafika mpaka Deira, na kituo kimoja kiko mbele ya dirisha la Mpathani wetu. Baba alicheka peke yake, akacheka kupita kiasi, halafu akatoka akaenda kuzunguka jengo mpaka mama akanituma nimfuate. Je, walimrudisha Dada? Hapana. Karatasi zake zilikuwa zimekwisha muda, na kafeel alishachoka kuombwa.

Chumba chetu cha Naif sasa ni stoo ya simu. Mpathani alirudi kwao, na palipokuwa na tanuri pana kioo na taa. Baba alifariki, mama akarudi Tanga, na huko kiharusi kikamwangusha upande wa kushoto. Ndugu walikuwa wengi mpaka ilipoulizwa nani atamchukua. Dada alimchukua. Ana mume na watoto na nyumba yenye ua safi, na mama yuko humo, anaogeshwa, analishwa uji, hana kidonda hata kimoja mgongoni. Kila anayemtembelea anamsifu Dada, na anastahili.

Mume wangu anataka jibu la ile nyumba, dalali anampigia kila siku. Bado sijamjibu. Nilimwambia niende kwanza Tanga, nikamwone mama.

Nilimkuta mama amepungua hadi kuwa kama mtoto. Ulimi ni mzito, lakini anasikika. Jioni ya pili alinivuta kwa mkono wake mzima akaniomba jambo moja: nimwambie Dada amwite Mama. Mara moja tu, alisema, kabla hajafa.

Nilimkuta Dada uani anakamua tui. Nikamwambia, Kiswahili chote kikiniishia mdomoni. Hakukasirika. Alikamua chicha mpaka ikakauka, akaiweka kando.

"Mwambie nimefiwa na mama mara mbili," alisema. "Huyo wa pili alinisindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege."

Akanawa mikono, akaingia ndani, maana saa ya kumgeuza mama ilikuwa imefika. Nilibaki uani na lile bakuli la tui. Nikamsikia anasema kwa upole, "Samahani, mama mdogo. Nitakuumiza kidogo."