Nilivyobishana na Katekista Omena Ikanyeshewa

Iko siku moja kule Usenge, kando ya ziwa, ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, lazima nifunike mdomo kwa leso, hata nikiwa kanisani. Nacheka, halafu aibu inanipanda upya. Ndiyo siku niliyokaribia kumkosa mume, na si kwa sababu ya mwanamke mwingine. Kwa sababu ya Biblia! Vuta kiti nikueleze.

Mimi kwetu ni Muhoroni, kwenye miwa. Baba yangu aliendesha trekta la kubeba miwa, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti. Kwetu Maandiko ndiyo yaliyokuwa na neno la mwisho. Mhubiri akisema jambo, baba anafungua Biblia palepale kwenye benchi kuhakikisha, na mhubiri anajua anachunguzwa. Nilipofika miaka ishirini na mbili nilikuwa nakutajia sura na aya bila kufungua kitabu. Na nilijiona, weee! Usiniulize nilijiona kiasi gani.

Nikiwa Kisumu nasomea ushonaji nikakutana na Ochieng'. Kijana mpole, mcheshi, Mkatoliki wa kuzaliwa. Baba yake, Mzee Yakobo, alikuwa katekista wa kigango chao Usenge. Ndiye aliyefundisha watu wa ubatizo na kipaimara, na padre asipofika, ndiye aliyeongoza ibada. Tulipokubaliana kuoana, mama yake Ochieng' akatuma neno niende nikae kwao siku chache, anione. Shangazi yangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akanionya nisiongee sana. Alinijua vizuri.

Mama Ochieng' alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi ya pili alinunua samaki wa mashua nzima, akawaanika nyuma ya nyumba juu ya nyavu kuukuu. Omena ikipata jua kali mpaka alasiri inakauka safi. Ikinyeshewa, mwanangu, hiyo ni chakula cha kuku. Mimi mtu wa miwa ningejulia wapi? Kwa hiyo akaniambia mwenyewe.

"Nyar Muhoroni," aliniita hivyo, binti wa Muhoroni, "mimi naenda soko kutafuta magunia. Wewe angalia huo upande wa ziwa. Ukiona wingu limesimama hapo, usingoje mtu, anua omena. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilikuwa nimesikia kweli. Nikaketi na Biblia yangu magotini, jicho moja ziwani. Mara Mzee Yakobo akaja na kiti chake, rozari shingoni, akaketi karibu nami. Akaniambia kwa upole kwamba Ochieng' amemweleza ninavyolipenda Neno la Mungu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema asante Baba, nikanyamaza. Badala yake nikamuuliza, "Baba, hiyo rozari imeandikwa wapi?"

Ai, nilidhani atakasirika. Kumbe alikuwa amengoja mtu kama mimi miaka na miaka! Uso wake uling'aa. "Wewe unauliza imeandikwa wapi. Haya, hiyo Biblia yako ina vitabu vingapi, na ni aya gani inayosema ni hivyo tu?"

Nikamfungulia orodha ya vitabu kule mwanzo. Akacheka. "Na hiyo orodha aliandika Paulo?"

Nikaanza kupekua kurasa. Naye akaendelea, akisema mitume walihubiri na Kanisa likaishi kabla Agano Jipya halijaandikwa, na ni Kanisa lililokaa likasema kitabu hiki ndani, kile nje. Nitapokeaje kitabu kutoka mikononi mwa Kanisa, halafu niliambie halina mamlaka ya kukieleza?

Damu ikanichemka, kwa raha! Nikamjibu kwamba Kanisa halikulifanya Neno kuwa Neno. Lililitambua tu, kama mtoto anavyoitambua sauti ya mama yake, na mtoto hawi mkubwa kwa mama kwa kutambua sauti. Viongozi ni watu, nikasema. Petro mwenyewe alikosea kule Antiokia, Paulo akamkemea mbele ya watu. Wakikosea tena tutawarekebisha kwa kitu gani, kama si kwa Maandiko?

"Sawa," akasema, sasa amesimama. "Lakini nyinyi mnaojisomea wenyewe, mbona kila siku mnagawana? Mnashika Biblia hiyo hiyo, huyu anasema hivi, yule vile. Nani atawaamua?"

Alinipata hapo, nakiri. Nami nikasimama, naye nilimpata kwingine. Ulikuwa ubishi mtamu, mwanangu! Majirani walikuwa wakituita wakipunga mikono, nasi tukadhani wanashangilia. Nikafungua Wagalatia nimsomee, na tone la kwanza likadondoka juu ya ukurasa.

Tuliinua macho. Mbingu nyeusi! Majirani wote walikuwa wamekwisha kuanua ya kwao. Ndicho walichokuwa wakitupigia kelele. Tukarukia zile nyavu, mimi huku, mzee kule, ametupa kiti, ametupa kofia. Haikusaidia kitu. Mvua ya ziwani haikupi nafasi ya kutubu. Omena yote ikalowa, nyingine ikachukuliwa na maji mpaka kwenye mtaro.

Mama Ochieng' akatokea na magunia kichwani, analowa. Akatazama nyavu. Akatazama Biblia yangu, kisha rozari shingoni mwa mumewe. Hakupiga kelele, na ni afadhali angepiga. Ochieng' alikuwa amekuja mbio kutoka ufuoni, na mama akamwambia yeye, "Kesho mpeleke huyu kwao."

Kisha akanigeukia. "Nilikuachia neno moja. Moja tu! Una kitabu kizima kichwani, na hili moja likakushinda?"

Mzee Yakobo, maji yakimtiririka puani, akashindwa kujizuia. "Na hilo neno lako, Mama Ochieng', halikuandikwa mahali popote. Lakini alipaswa kulishika. Si ndicho nilichokuwa namwambia?"

Nami, mwanangu, nafukuzwa, nimelowa, nikamrukia! "Na wewe Baba, mwenye mamlaka ya boma hili, si ulikuwa umeketi hapa hapa? Mbona hukuona wingu?"

Mama Ochieng' akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mungu wangu," akasema, "wako wawili." Akaingia jikoni.

Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, analia kimya kimya, na hapo ubishi wote ulinitoka. Nikapiga magoti kwenye majivu nikamwomba anisamehe. Akasema, "Sililii omena. Omena nimeshapoteza mara nyingi. Nyinyi wawili mnajua sana Mungu alisema nini. Mimi nilisema asubuhi hii hii, niko hapa hapa, na hakuna aliyenisikia."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kule kufukuzwa. Nikamwambia, "Mama, usinirudishe. Niachie omena ya kesho." Akajifuta macho kwa leso. Mwishowe akasema, "Ya kesho tu."

Kesho yake sikushika kitabu wala sikuketi. Nilisimama jua lote nikikodolea macho ziwa. Saa nane hivi nikaona kitu cheupe kule mbali, nikapiga ukelele, "Wingu! Wingu! Anueni!" Uwi! Boma lote mbio, majirani mbio, katekista mbele yao na karai. Tukaanua kila kitu mpaka nguo. Halikudondoka hata tone moja. Jua lilizidi kuwaka, watu wakanitukana, tukaanika tena tangu mwanzo. Lakini Mama Ochieng' alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka anashika mbavu. Ochieng' alipouliza kama anipeleke Muhoroni, alimjibu, "Huyu? Huyu haendi popote. Huyu sasa ni wangu."

Tukaoana, na mimi mpaka leo ni Mprotestanti, naye Ochieng' Mkatoliki. Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Ochieng' alimwahidi padre kwamba watoto watabatizwa Kikatoliki, na usiku huo sikulala. Lakini Biblia niliwafundisha mimi, mezani, na mkwe wangu katekista alikuwa akija kusikiliza na kunipinga.

Sasa sikia, mwanangu. Nawaona vijana wa Kisumu mnavyotukanana kwenye simu, huyu anasema Wakatoliki hawasomi, yule anasema Waprotestanti kila mtu ni papa wake. Sikwambii uache kubishana! Wala mtu asikudanganye kwamba tofauti hii ni ndogo. Nani ana haki ya kulieleza Neno la Mungu, na nani atamrekebisha akikosea, hayo ni maswali makubwa, na mimi bado nasimama pale nilipokuwa. Soma, uliza, simama wima useme unachoamini. Ila hoja ya mwenzako jifunze mpaka uweze kuisema mwenyewe, naye aitikie kwamba ndivyo. Na ukiwa katikati ya raha ya ubishi, geuka utazame ni nani nyumbani mwako anayekuita na humsikii. Kama yupo, funga kitabu, nenda kwake kwanza. Mungu hatakukasirikia kwa kumkatiza.

Bwana akujalie moyo wa kulipenda Neno lake kama nilivyolipenda, na masikio ambayo mimi niliyapata nimechelewa. Na ukienda kwa watu kuposa au kuposwa, uingie na imani yako yote, na mama wa boma lile akuite wake.