Nyimbo za Kitamil kwenye Dirisha la Choo

Choo chetu cha Al-Nuzha kilinuka kwa zamu. Asubuhi ilitangulia klorini ya mama, wakati wa kupika vikaja vitunguu vya kukaanga vya ghorofa zote nne, na ikifika saa nane mchana, joto la Jeddah likishashika, majitaka yalimeza yote hayo yakabaki yenyewe. Jengo letu lilikuwa na shimo la hewa katikati, jembamba, lililotoka chini mpaka juu ya paa, na vyoo vya nyumba zote vilikuwa na vidirisha vilivyofungukia humo. Kilichotoka kwa jirani mmoja kiliingia kwa mwingine. Chini kabisa kulikuwa na maji meusi, manyoya ya njiwa na nepi ambayo hakuna mama aliyekubali kuwa ni ya mwanawe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, tumbo langu lilikuwa bovu, na sehemu kubwa ya mwaka ule niliimaliza nimekaa pale, nimebana pua, nikisubiri.

Humo chooni ndimo nilimojifunza nyimbo za filamu moja ya Kitamil ambayo sijaiona mpaka leo. Zilitoka juu yetu, kwa Anti Lalita, mke wa mfamasia wa hospitali ileile ambako baba alitengeneza mashine za eksirei. Kila saa nane mchana, mumewe akiwa kazini, aliingia bafuni kufua, akaweka simu dirishani na kuzipiga zote sita tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Nilizichukia. Kulikuwa na ya ngoma nzito iliyotikisa beseni letu, kulikuwa na ya kilio yenye zumari kama la harusi za kwetu Tanga, likiwa limepaliwa, na kulikuwa na moja ya mapenzi, mwanamume na mwanamke wakijibizana. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Mwanamume akimaliza ubeti wake, Anti Lalita alishusha sauti ya simu isisikike kabisa, akauimba yeye ubeti wa mwanamke, huku maji yakimwagika, kisha akaipandisha tena mwanamume aliporudi. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye makohozi. Alikatisha neno katikati, akakohoa, akatema, nikasikia mate yakianguka, akaendelea alipoachia. Mimi huku chini nilikaribia kutapika.

Na nilijua kwa nini anaimbia humo, ndiyo maana siwezi kujitetea. Alimweleza mama siku moja juani paani, wakianika nguo, kwa Kiarabu chao cha kuungaunga. Kwao alikuwa akialikwa kuimba harusini, watu wakimfuata kutoka vijiji vingine. Hapa mumewe hataki, anaogopa majirani watamsikia mkewe. "Baba nyumbani, mafi kuimba," alisema, akionyesha kidole mdomoni. "Hamamu tu." Yaani mumewe akiwa nyumbani hakuna kuimba, ni bafuni tu. Mama aliniambia nimwache mwenzangu apumue.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kulegezwa. Sinema zilifunguliwa, mikahawa ikaanza kupiga muziki bila kuogopa mtu, akina mama wakaonekana nyuma ya usukani. Baba alifurahia kuliko sote. Alinunua tiketi ya onyesho la muziki la ufukweni akaibandika kwenye jokofu. Lakini nyumbani hakucheka. Ada za wageni kukaa na familia zao zilikuwa zimepandishwa, kila wiki kuna nyumba iliyofungasha, na yeye alirudi jioni akiwa na uso wa kafili, yule mwajiri mdhamini, aliyeudhiwa. Nilitaka acheke. Hilo tu.

Basi mchana mmoja nikaingia chooni na simu ya mama. Wimbo wa mapenzi ulipofika, nikaanza kurekodi. Niliibana pua nikatangaza kama mtangazaji wa redio: "Mabibi na mabwana, moja kwa moja kutoka chooni, ghorofa ya tatu!" Nikamwacha Anti Lalita aimbe ubeti wake wote, na kikohozi chake na mate yake, kisha nikavuta maji ya choo yawe ndiyo makofi. Jioni nikampigia baba asikilize. Alicheka mpaka akashika ubavu, akasema irudie, nikairudia. "Hebu nitumie hiyo," akasema, na papo hapo akairusha kwenye kundi la Watanzania wa Jeddah.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Rehema, futa. Yule ni mke wa mtu."

"Utani tu, mke wangu. Nani atamjua?"

Walimjua. Kundi letu lilikuwa na watu wa hospitali, na hospitalini hakuna ukuta. Kabla wiki haijaisha rekodi ilikuwa imeingia kwenye simu za duka la dawa, mumewe akaisikia sauti ya mkewe ikitoka mfukoni mwa mwanamume mwingine, ikifuatiwa na maji ya choo.

Nilijua atakuja kugombana, nikajificha nyuma ya mlango wa chumba. Alikuja na sahani ya ladu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo. Alisimama mlangoni na shati lake limepigwa pasi, akamwomba baba radhi. Alisema anasikitika kwamba familia yake imesumbua majirani, kwamba ameshazungumza na mkewe, kwamba halitatokea tena. "Halas," yaani basi, imekwisha, alirudia mara tatu, akitazama viatu vyake. Nilidhani baba atasema kitu. Alipokea sahani. Akasema, "Hamna neno, ndugu yangu, hamna neno," kama mtu aliyekosewa akasamehe, na mgeni alipoondoka, akazila zile ladu akiwa amesimama, mbili mbili, samli ikimtoka pembeni mwa mdomo. Sijawahi kumwona binadamu akila nikachukia vile.

Siku zilizofuata ikifika saa nane palikuwa na maji tu, na brashi ya kufulia. Nilivumilia nne. Siku ya tano nikasimama juu ya sinki, nikaweka mdomo dirishani, nikauimba mimi ule ubeti wa mwanamke, kwa maneno ambayo sikuyaelewa hata moja. Brashi ilinyamaza. Nilingoja. Kisha nikasikia kidirisha cha alumini cha juu kikifungwa, taratibu sana, kama mtu asiyetaka kuonekana amekasirika. Baada ya miezi michache walihama, sijui waliko.

Sasa ninafanya kazi Riyadh, mapokezi ya kliniki. Jukwaa halikosi huku, na wiki iliyopita wenzangu walinipeleka kwenye usiku wa nyimbo za Kihindi na Kitamil. Mwimbaji mwanamke, nywele wazi, maelfu wakimpigia makofi, polisi wanaelekeza magari tu. Kila mtu aliniambia tazama nchi ilivyofunguka. Nilitazama, nikajisikia kichefuchefu, maana hata zamani zile hakuna askari aliyepanda ngazi zetu kumnyamazisha mtu. Tulipanda sisi. Nilitoka nje nikampigia baba, ambaye amestaafu Tanga, nikamuuliza kama anamkumbuka Anti Lalita.

"Nani? Aaah, yule wa chooni!" Akaanza kucheka, kicheko kilekile, kirefu, nilichokuwa nikikitafuta utotoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote. Badala yake, Mungu anisamehe, nikacheka naye.