Tumbo Lililopanda Kifuani

Musafiri, dereva wa lori wa Beni, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa akishusha mbao Butembo kutoka Eringeti, hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Barabara ile aliipita katika matope na katika milio ya risasi. Lakini mwaka mmoja mkewe, Yasmine, alimwona akiacha bugali baada ya matonge matatu. Akizidisha, kifua kilimbana, pumzi ikamkata, chakula kikarudi mdomoni. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Walimtibu moyo, wakamtibu vidonda vya tumbo, na majirani wakanong'ona kwamba amelishwa sumu.

Mwishowe, katika hospitali moja ya Butembo, Daktari Emérence aliiweka picha ya kifua chake mbele ya taa. Nyuma ya moyo palikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama papai.

"Docta, hii ni nini?"

"Ni tumbo yako, Papa Musafiri."

"Tumbo? Lakini tumbo iko huku chini!"

"Ilipanda. Tundu ya ukuta wa chini ya kifua, yenye njia ya chakula inapitia, ilipanuka, tumbo ikaingia mu kifua."

Musafiri alijishika tumbo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeambiwa ameibiwa.

Walimpasua kwa matundu matano madogo, kamera ikiwaonyesha njia. Wakalivuta tumbo chini, wakalishona lile tundu lililopanuka. Yasmine alitafuta kovu kubwa, asilione. "Bamekupasua kweli?" akauliza. Baada ya majuma machache mumewe alimaliza sahani yake, na usingizi akaulala chali.

Miaka minane ikapita hivyo.

Mwaka huu, pale Eringeti, ubao uliteleza ukamgonga mbavuni. Alipofika Butembo alikwenda kupigwa picha, na Daktari Emérence, ambaye sasa ana mvi, akamwambia mbavu ni nzima. Kisha akaisogeza picha karibu na taa. Musafiri naye akatazama. Nyuma ya moyo kile kitu kilikuwapo tena, safari hii kidogo kama avoka.

Asubuhi ile ile alikuwa amekula sahani nzima ya maharage, wala hakuna kilichomuuma! Daktari akamwomba arudi juma lile kwa kipimo kingine. Alirudi nyumbani, na kwa siku tatu hakugusa ila uji.

"Unaacha chakula sababu ya picha?" Yasmine akafoka. Akamrudisha Butembo yeye mwenyewe.

Wakamnywesha maji meupe mazito kama chokaa, akayaona kwenye kioo cha mashine ya picha yakishuka bila kizuizi.

"Sikia, Papa," akasema daktari. "Kwa batu benye tumbo yao ilipanda sana kama yako, kipande kidogo kinarudia juu kwa wengi, miaka ikipita. Na wengi kati yao habasikie kitu. Mi hapana pasua picha, mi napasua mutu mwenye kuteseka. Lakini kifua ikikubana sana, ao ukitapika bila kukoma, kimbia huku siku ile ile."

"Mbona haukuniambiaka mbele?"

"Nilikuambiaka kisha kukupasua. We ulikuwa unauliza tu siku gani utakula nyama."

Yasmine akaangua kicheko, cha kwanza tangu ubao ule. Musafiri hakucheka. Alitoka na picha kwapani mpaka kwenye maegesho ya malori, ambako kaka yake, Fadhili, dereva mwenzake, alikuwa akimngoja. Fadhili akaiinua picha juani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii tumbo iko mu kifua, na unakulaka sahani mbili?"

"Mbili, yaya," akamjibu kaka yake mkubwa.

Fadhili akakaa chini juu ya tairi, mkono mdomoni. Musafiri akakaa karibu naye. Yasmine aliwaletea sambusa za moto. Musafiri akauma moja, akameza polepole, akatulia akisikiliza ndani ya kifua chake. Kimya. Akauma tena, macho yakiwa yamemtoka kwa mshangao.